Mgonjwa akisema amechoka kuishi, mwulize

Mama mmoja wa Kinoo alinijia kliniki akiwa na wasiwasi. Mumewe alikuwa ameambiwa wiki hiyo kwamba ana saratani ya umio. Tangu siku hiyo halali, hataki wageni, na mara mbili amesema jamaa zake wangepata nafuu bila yeye.

"Daktari, nikimwuliza kama anataka kujiua, si nitakuwa nimemtia wazo hilo kichwani?"

Jibu ni la. Uchunguzi uliofanyiwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, na kuchapishwa mwaka wa 2005, ulionyesha kuwa walioulizwa juu ya kujiua hawakufadhaika kuliko wale ambao hawakuulizwa. Kuuliza humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo.

Hatari huzidi lini?

Wengi hudhani hatari huja ugonjwa ukishakomaa. Sivyo. Watafiti wa Uswidi walichunguza rekodi za watu zaidi ya milioni 6 na kutoa matokeo mwaka wa 2012. Katika wiki ya kwanza baada ya mtu kuambiwa ana saratani, uwezekano wa kujiua ulikuwa mara 12 na zaidi ukilinganishwa na wasio na ugonjwa huo. Katika mwaka wote wa kwanza ulikuwa mara 3. Waliojiua walikuwa wachache sana, lakini funzo ni wazi: mgonjwa asiachwe peke yake siku zile za kwanza.

Kinachomsukuma mgonjwa si kifo tu. Ni maumivu yasiyotulizwa, gharama ya matibabu, na hofu ya kuwa mzigo. Mara nyingi pia huwa na ugonjwa wa huzuni, ambao una tiba hata kama saratani yenyewe haiponi.

Kinachosaidia

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi tano. Nusu hivi walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 katika miezi 18. Kulingana na matokeo ya mwaka wa 2008, asilimia 0.2 yao walijiua baadaye. Miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida tu, ilikuwa asilimia 2.2. Tofauti hiyo ililetwa na kujuliana hali tu.

Ufanyeje nyumbani?

Keti naye faraghani. Mwulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Msikilize bila kumkemea wala kumhubiria. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa dawa za ziada na sumu za wadudu nyumbani, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari juu ya maumivu na kukosa usingizi. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mtu wa aina hiyo ni mgonjwa, si mhalifu.

Yule mama alirudi nyumbani akamwuliza mumewe. Alilia, kisha akazungumza. Kesho yake walikuja wote wawili.