Tarakimu 15 zinazolinda mtaji wa muuza simu mpakani

Kwa wanaovusha simu Namanga, Busia au Sirari, bei nafuu inaweza kugeuka hasara. Kenya ilizima simu feki Septemba 30, 2012. Tanzania ikafuata Juni 16, 2016. Simu iliyofungiwa haipigi wala haipokei, hata ukibadili laini, na mteja hurudi dukani kudai fedha zake.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Tarakimu 15 zitakazotokea, yaani IMEI, zifanane na zilizo kwenye boksi. Kwa Tanzania, zitume kwenda 15090. Ukijibiwa jina la simu tofauti na uliyoshika, usinunue. Kagua moja baada ya nyingine, si ya juu tu. Na risiti iandikwe IMEI, maana bila hiyo huna pa kumshikia aliyekuuzia.