Namba ya Kontena

Ukisimama pale Bunda, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, utaona malori yaliyopakia makasha makubwa ya chuma. Makasha hayo huitwa makontena. Tazama mlangoni mwa kontena. Utaona herufi nne na tarakimu saba, kwa mfano CSQU 305438 3. Herufi tatu za kwanza humtaja mwenye kontena; U huonyesha kuwa ni kontena la mizigo.

Katika bandari nyingi kamera huipiga picha namba hiyo, na kompyuta huisoma. Lakini namba ikiliwa na kutu au ikipakwa tope, 5 yaweza kusomwa 6, na dawa zinazongojwa hospitalini Musoma zikapelekwa kwingine. Ndiyo sababu tarakimu ya mwisho iliwekwa.

Chukua daftari ujaribu. Kila herufi imepewa thamani: C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Tarakimu hubaki zilivyo. Zidisha thamani ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ukienda maradufu hivyo hadi ya kumi, ambayo huzidishwa kwa 512. (Hesabu hii ni ndefu, usiharakishe.) Jumlisha, nawe utapata 6185. Gawanya kwa 11. Baki ni 3, sawa na tarakimu ya mwisho.

Sasa weka 6 mahali pa 5. Jumla ni 6249, na baki ni 1. Kompyuta huikataa namba hiyo, na karani hutumwa kwenda kulitazama kontena kwa macho yake.