Ukipewa rufaa ya Dodoma

Wengi wetu wa Isevya Dodoma tunaijua kwa kupita tu, tukienda Dar. Mama akipewa rufaa ya moyo au figo Hospitali ya Benjamin Mkapa, ndipo jiji linakuwa geni.

Basi linaishia stendi kuu ya Nanenane, na hospitali haiko katikati ya mji. Iko upande wa Chuo Kikuu, UDOM. Mgonjwa wa moyo asibadili daladala na mizigo: chukua bajaji, mpatane bei kabla ya kupanda. Chumba pia tafuta huko huko.

Barua ya rufaa, kadi ya bima na majibu ya vipimo vikae mkobani, si kwenye buti la basi. Juni na Julai beba sweta. Upepo wa asubuhi Dodoma si mchezo.

Na wewe msindikizaji, kula. Nimeshaona ndugu akidondoka kwenye foleni, mgonjwa wake ndiye anayempepea.