Mukeke Wamekwenda Wapi?

Ndugu zangu wanafunzi, nilipomwambia mjomba wangu wa Rumonge kwamba ninasomea shahada ya udaktari juu ya hifadhi ya Ziwa Tanganyika, aliniuliza neno moja tu: "Mukeke wamekwenda wapi?" Yeye amevua kwa taa tangu ujana wake. (Shangazi aliniomba dawa ya homa, nilitumia jioni nzima kumweleza kwamba udaktari huu hautibu mtu.)

Swali ni fupi, lakini jibu lake limetawanyika. Aliyesoma samaki atasema nyavu zimezidi. Aliyesoma udongo atapanda vilimani palipokatwa miti, kisha atafuata mto Murembwe wakati wa masika, aone maji mekundu yakiingia ziwani na kufunika mawe wanapozalia samaki wadogo wa ufukoni. Aliyesoma uchumi atauliza mvuvi anadaiwa na nani. Kila mmoja ana ukweli wake, wala hamsikii mwenzake.

Ndiyo sababu siku hizi wako wanafunzi wa udaktari wanaowekwa chini ya walimu wa elimu mbili au tatu, na kila mwalimu lazima aridhike. Msidhani ni raha! Wiki moja nasahihishiwa hesabu, wiki ya pili naambiwa sijui kuongea na watu.

Jirani zetu wa Kigoma waliona kitu cha namna hii zamani kidogo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Arizona kilianzisha huko Mradi wa Nyanza, na vijana wa Marekani na wa Afrika, hawa wa mawe, hawa wa viumbe, hawa wa hali ya hewa, walifanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa. Wengi hawakuwa bado wa udaktari.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitangaza matokeo ya kuunganisha elimu hivyo. Walilinganisha joto la maji, upepo, na tope la chini. Ziwa lina kina cha meta 1,470, na rutuba nyingi imelala chini. Upepo wa kiangazi ndio huikoroga ikapanda. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha samaki hupungua. Walikadiria kwamba huenda samaki wamepungua kwa kiasi cha 30 katika mia.

Nilimweleza mjomba. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi kosa si la nyavu zangu?"

Hapo nilikwama, maana nyavu nazo zimo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenye kuhesabu samaki atafurahi. Mwenye kuhesabu sufuria atauliza watoto watakula nini miezi mitatu.

Mjomba amekubali kunichukua usiku nikapime joto la maji. Mwalimu wangu wa uchumi ameniagiza niulize bei ya mafuta ya injini. Tunangoja mbalamwezi ipite.