Gari Chakavu Lageuzwa Malazi: Yaliyotupata Kakiika



Kilio cha malazi mnakijua. Mfanyakazi wa shamba anabanana na watoto wake katika chumba kimoja cha kambi. Wa kiwandani analipa kodi ya chumba kinachovuja. Sisi mafundi wa mashine za kusaga tuna letu: kazi iko mbali, na pa kulala hapapo.

Karakana yetu iko Kakiika, Mbarara. Kazi hutupeleka vijiji vya Isingiro, na zaidi ya yote Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, nayo ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wapo humo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na wengi wao. Wanalima mahindi, na penye mahindi pana kinu, na kinu huharibika. Kazi ya siku mbili tatu ilitulaza barazani, vifaa tumevifanya mto.

Hapo tukachanga fedha, tukanunua gari la Toyota HiAce lililokuwa teksi ya abiria 14 na kuchoka. Seremala wetu ni Mkongo wa Nakivale. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, na mkono wake unajulikana. Tunaeleza hapa tulivyofanya ili mwenzetu mwenye shida kama yetu asianzie gizani.

Kwanza, tuliangalia chini kabla ya kuangalia juu. Bodi likiwa limeoza kwa kutu, mbao nzuri ni fedha iliyotupwa. Tulitoa viti, tukakwangua kutu, tukaziba matundu kwa kulehemu, kisha tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Kulehemu kulimalizika kabla ya kuingiza mbao au godoro.

Pili, joto na jasho. Bati likipigwa na jua huwa kama kikaango; usiku wa Mbarara, ulio wa baridi, pumzi za watu hugeuka maji kwenye bati hilo hilo. Kwa hiyo tuliweka sponji ngumu kati ya bati na plaiwudi, tukaacha matundu mawili ya hewa yasiyofungwa kamwe, moja chini na moja juu. Hewa baridi huingia chini, yenye joto hutoka juu.

Tatu, vitanda. Ubao wa plaiwudi una futi 8 kwa 4. Ukipimwa vizuri haupotei hata kipande. Tulijenga makasha mawili kando ya kuta, vifaa vizito vikae ndani yake na magodoro juu. Uzito ukae chini, usielemee upande mmoja, la sivyo gari litayumba kwenye kona. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, nalo lifungwe. Na gari likitembea hakuna mtu kitandani: kila mmoja akae kwenye kiti kilichofungwa imara, chenye mkanda.

Nne, taa. Tuliweka betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia injini, tukaiunganisha na sola. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 5 hula wati-saa 25 tu. Kwa taa na simu za watu wanne inatosha sana. Fyuzi iwe karibu na betri, maana waya ukichubuka bila fyuzi gari huwaka moto.

Sasa tuseme lililotutia hofu. Usiku mmoja wa mvua, mwenzetu mmoja aliingiza sigiri iliyobaki na makaa ili tupate joto. Matundu ya hewa tuliyaziba kwa matambara. Alfajiri mmoja wetu aliamka na kichwa kinachopasuka, akatapika, akafungua mlango kwa kuanguka nao. Wawili walikuwa hawaamki. Tuliwaburuta nje mvuani, tukawakimbiza kwa mganga, na Mungu akajalia wakapona. Makaa yanayofuka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na anayelala haigundui. Tangu siku hiyo ni amri: jiko la makaa, la mafuta au la gesi halilali ndani ya gari, hata likiwa limezimwa machoni. Tunapika nje.

Jambo jingine ni sheria. Gari lililotolewa viti si teksi tena. Kabla ya kuanza, uliza ofisi ya usajili na kampuni yako ya bima, kwa maana bima iliyoandikwa kwa gari la abiria inaweza kukataliwa siku ya ajali.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Gari letu kwa nje ni teksi kuukuu, ndani tunalala kavu. Lakini tusidanganyane, ndugu. Hili tulilifanya wenyewe, kwa safari zetu wenyewe. Siku mwajiri atakapowaambia watu wa shambani, "Nimewaletea gari bovu, laleni humo," jibu liwe hapana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mashamba makubwa, namba 110 wa mwaka 1958, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi. Hata Ulaya penye malori yenye vitanda, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2017 kwamba dereva hawezi kuchukua mapumziko yake kamili ya wiki ndani ya gari. Kitanda cha njiani ni cha usiku wa njiani, hakiwezi kuwa badala ya nyumba.

Basi tunawaachia kazi mbili. Anayelala ndani ya gari, awe dereva, fundi au mlinzi, leo hii akague matundu ya hewa na kutoa jiko nje. Na katika mkutano ujao wa tawi, suala la nyumba liwekwe mbele ya ajenda, lisiachwe kwenye mengineyo. Kulala salama ni sehemu ya ujira wetu.