Usiuze Ng'ombe kwa Siku Moja Mbaya
Ndugu mkulima, chukua daftari lako la maziwa, tuseme la siku 40. Hesabu siku za lita 5 au chini yake, za lita 6 au chini yake, na kuendelea. Chora grafu: lita chini, siku kando. Kwenye siku 10, 20 na 30 piga mstari hadi ukutane na mchoro, kisha ushuke usome lita. Zikiwa 6, 8 na 9, chora sanduku toka 6 hadi 9, ulikate kwenye 8. Mikia yake ifike kwenye siku mbaya na siku njema kabisa. Nusu ya siku zote zimo sandukuni. Likiwa refu, maziwa yanapanda na kushuka; tazama kwanza malisho na maji, ndipo umwite mnunuzi.