Anayeomba Kura Aulizwe: Nani Analinda Umeme na Maji Yetu?

Himidi zote ni za Allaah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu zangu, watu wa Unguja hawajasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme utokao Bara ulipoharibika. Pampu za maji zilisimama, watoto wakahangaika na ndoo. Giza lile lilitokana na hitilafu ya mitambo. Leo madhara kama yale anaweza kuyaleta mtu aliyekaa nchi ya mbali na kompyuta yake.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wahalifu waliingia katika kompyuta za makampuni matatu ya umeme, wakazima swichi na kuwaacha wateja wapatao 225,000 gizani kwa saa kadhaa. Mlango wao ulikuwa barua pepe za hadaa, zilizofunguliwa na wafanyakazi miezi kadhaa kabla. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuwasha kwa mikono. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, miadi ya maelfu ya wagonjwa ikafutwa. Kinga yake ilikuwa imeshatolewa miezi miwili nyuma, lakini kompyuta nyingi hazikuwekewa.

Dini inahusika vipi? Wanazuoni wametaja mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia ni nafsi. Akiba ya mjane iliyomo kwenye simu ni mali. Na uongozi ni amana, kama tunavyofahamu katika Surat An-Nisaa, aya ya 58.

Kazi hii haina utepe wa kukata, ndiyo maana wagombea wengi hawaitaji. Basi mgombea wa chama chochote akija barazani, muulizeni: Wafanyakazi wa umeme, maji na hospitali watafunzwa kuitambua hadaa? Kompyuta zao zitawekewa kinga kwa wakati, na kumbukumbu zihifadhiwe nakala pembeni? Mitambo ikivamiwa, mafundi wataweza kuiendesha kwa mikono?

Akijibu kuwa Allaah atatulinda, mwambieni ni kweli, kisha mkumbusheni kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Wallaahu aalam.